Jengo jipya la sayansi chuoni Mombasa: mwongozo kamili wa kupanga na kutafuta pesa

Mwongozo huu ni wa wenye kazi hiyo mikononi: mkuu wa idara aliyeambiwa aandike pendekezo, mjumbe wa Baraza la Chuo, fundi wa maabara aliyeitwa kwenye kamati ya ujenzi, au mhitimu anayetaka kuchangia na angependa kujua pesa yake inaingia wapi. Sheria na ofisi ninazozitaja ni za Kenya. Hewa, maji na udongo ni vya Mombasa, na ndivyo vinavyofanya jengo la hapa lisiwe nakala ya lile la Nairobi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Jengo la sayansi lipangwe kuanzia mwisho wake: nani atalipa umeme, maji, gesi, vipuri na mishahara ya mafundi katika mwaka wa tano, baada ya mgeni rasmi kukata utepe na kuondoka. Kamati isiyoweza kujibu swali hilo haijawa tayari kumwita msanifu majengo.

Hatua ya kwanza: hesabu kazi kabla ya ghorofa

Mazungumzo mengi huanza kwa "tunataka ghorofa sita". Yaanze kwa ratiba. Chukua mfano wa kitivo chenye wanafunzi 600, kila mmoja akiwa na vipindi vitatu vya maabara kwa wiki, katika makundi ya wanafunzi 40. Hayo ni makundi 15, mara tatu, yaani vipindi 45. Maabara ikifunguliwa siku tano kwa vipindi vitatu vya saa tatu kila siku, una nafasi 15. Toa ile ya Ijumaa mchana, kwa sababu ya swala ya Ijumaa, zinabaki 14. Usizijaze zote. Fundi anahitaji muda wa kuandaa kemikali, kuosha vyombo na kutengeneza kilichoharibika, kwa hiyo hesabu nafasi 10. Gawanya 45 kwa 10: unahitaji maabara tano za kufundishia. Hazifiki kumi na mbili, wala huwezi kujibana kwenye mbili.

Kwa ukubwa, mita 3 za mraba kwa kila mwanafunzi ni kadirio zuri la kuanzia, hivyo kundi la 40 linataka chumba cha mita 120 za mraba. Ongeza vyumba vya maandalizi, stoo ya kemikali, chumba cha mizani, ofisi za mafundi, vyoo, mahali pa kuswalia, ngazi, korido na mashimo ya kupitishia mabomba. Hapo ndipo wasio na uzoefu hushtuka. Katika jengo la maabara, nafasi ya kufanyia kazi yenyewe huwa kama asilimia 55 hadi 65 tu ya eneo lote. Atakayekuahidi asilimia 80 amesahau mabomba.

Kabla hujasonga, tembelea jirani zako. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) ipo hapa Mombasa. Shirika la Viwango (KEBS) lina maabara zake Pwani. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Chombo cha bei kubwa kitakachotumika mara mbili kwa muhula hakina haja ya kununuliwa ikiwa jirani anacho na yuko radhi kuandikiana mkataba wa matumizi. Kila chumba unachokiondoa kwenye orodha kwa njia hii kinakupunguzia gharama ya kujenga leo na ya kutunza kwa miaka thelathini.

Hatua ya pili: ardhi na kilicho chini yake

Pwani ina historia ndefu ya migogoro ya ardhi, na mtindo wa Mombasa wa mtu kumiliki nyumba huku ardhi ikiwa ya mwingine unajulikana na kila mwenyeji. Hata chuo cha umma kisidhani uwanja wake uko salama kwa sababu tu umezungushiwa ua. Fanya upekuzi rasmi wa hatimiliki, lete mpimaji athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka zilizofukiwa ardhini, na mipaka iandikwe kwenye ripoti. Mfadhili makini ataiomba hati hiyo siku ya kwanza.

Halafu chimba. Sehemu kubwa ya kisiwa na ukanda wa ufuo imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo yana mashimo na mapango madogo yasiyoonekana kutoka juu. Uchunguzi wa udongo kwa visima vya majaribio, vilivyotobolewa kwenye mistari ya nguzo za jengo, ni gharama ndogo ukilinganisha na kugundua uwazi chini ya nguzo wakati mkandarasi ameshaleta mitambo na kila siku ya kusubiri inalipiwa. Mwombe mhandisi apime pia chumvi iliyo kwenye maji ya ardhini, kwa kuwa ndiyo itakayoamua aina ya saruji na unene wa zege juu ya nondo.

Ikiwa uwanja uko karibu na Mji wa Kale au eneo lolote la kihistoria, zungumza na Makumbusho ya Kitaifa mapema. Ikiwa uko upande wa uwanja wa ndege wa Moi, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ina usemi kuhusu urefu wa jengo.

Hatua ya tatu: chora kwa ajili ya hewa ya hapa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kugundua.

Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini ya ikweta. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalochoma kuta, basi ubavu mrefu wa jengo uelekezwe kaskazini na kusini, na ncha fupi mashariki na magharibi. Pepo zetu mbili mnazijua: kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na kaskazi kutoka kaskazini mashariki kuanzia kama Novemba hadi Machi. Madirisha ya ofisi na madarasa yapangwe yapokee zote mbili. Dohani za kutolea gesi za maabara ziwekwe juu, mahali ambapo si kusi wala kaskazi itakayorudisha harufu ya asidi kwenye madirisha ya hosteli. Mpe msanifu ramani ya chuo kizima ili asiangalie kiwanja kimoja peke yake.

Usipoze jengo zima kwa viyoyozi. Korido, ngazi, ofisi na madarasa ya kawaida yanaweza kuishi kwa upepo, kivuli na feni. Viyoyozi vibaki kwa vyumba ambavyo vyombo vyenyewe vinavidai. Kuna hesabu moja ambayo kila mjumbe wa kamati anapaswa kuielewa. Kabati la kufyonzea gesi lenye upana wa mita 1.5, mlango wake ukiinuliwa nusu mita na hewa ikivutwa kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, hutoa nje takriban mita 1,350 za ujazo za hewa kila saa. Chumba cha mita 10 kwa 9 chenye kimo cha mita 3 kina mita 270 za ujazo. Kabati moja, basi, linamaliza hewa ya chumba kizima mara tano kwa saa, na kama hewa hiyo imepozwa kwa umeme, umeilipia mara tano. Weka makabati kumi kwa ajili ya picha za kijitabu cha wafadhili, na bili itakulazimisha kuyazima. Kabati lililozimwa ni hatari kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa mwanafunzi anaamini linamlinda. Hesabu yanayohitajika kweli, na uchague yale ambayo hupunguza mvuto mlango ukiteremshwa.

Chumvi ya baharini hula kila kitu. Zege la nje lisiwe na chini ya milimita 40 juu ya nondo, na karibu na maji omba 50. Mchanga wa ufuoni na maji ya chumvi visikaribie kabisa mahali pa kukorogea zege. Mtu wa kamati asimamie hilo kwa macho yake. Chuma cha pua cha nje kiwe cha daraja la 316, kwa maana cha 304 huota madoa ya kutu upesi karibu na bahari. Mashine za nje za viyoyozi ziagizwe zikiwa zimepakwa kinga ya chumvi tangu kiwandani.

Unyevu nao una kazi yake. Lenzi za hadubini huota ukungu katika hewa yetu, na nimeona hadubini nzuri zikififia kabla ya wanafunzi kuzizoea. Weka kwenye michoro kabati kavu la kuzihifadhia, lenye soketi yake ya umeme usiozimwa usiku. Mizani nyeti na hadubini kubwa zikae ghorofa ya chini, mbali na barabara ya malori ya bandarini, kwa sababu mtikisiko hupanda na nguzo.

Maji ya mfereji Mombasa husafiri kutoka mbali, kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mgao ni jambo la kawaida. Panga matangi ya kutosha siku kadhaa, vuna maji ya paa wakati wa masika na vuli, na usitegemee kisima bila kukipima chumvi. Vyombo vinavyopozwa kwa maji yanayotiririka na kumwagika visinunuliwe kabisa. Vipo vinavyozungusha maji yale yale.

Kuhusu majitaka sitasema kwa upole. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na bomba la majitaka, na watu hutumia mashimo. Kemikali ikiingia kwenye shimo lililochimbwa katika matumbawe hushuka haraka mno hadi kwenye maji ambayo majirani huchota visimani, kisha huishia kwenye mikoko. Jengo liwe na mabomba ya maabara yaliyotengwa na ya vyoo, tangi la kupunguza makali ya asidi, na utaratibu wa kukusanya viyeyusho na metali nzito kwenye mapipa ili vichukuliwe na kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Hili lisikatwe bajeti ikibana. Afadhali kukata ghorofa.

Hatua ya nne: andika gharama zote, halafu za kila mwaka

Mpe mkadiriaji wa gharama za ujenzi kazi ya kutenganisha mafungu: jengo, mitambo na mabomba, samani za maabara, vyombo, ada za wataalamu, vibali, na akiba ya dharura isiyopungua asilimia 10. Kosa la kawaida ni kulipa jengo tu na kuacha vyombo kwa "awamu ijayo". Awamu hiyo huchelewa, na maabara hugeuka darasa lenye sinki.

Vyombo vinanunuliwa kwa dola au yuro. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu Sh130. Bajeti iliyoandikwa kwa shilingi bila kufikiria hilo inaweza kupoteza chombo kizima kabla zabuni haijafunguliwa.

Sasa gharama za mwaka. Kiwango kinachotumika sana duniani kwa matunzo ni asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga upya jengo. Likiwa la Sh500 milioni, hiyo ni Sh10 milioni hadi Sh20 milioni kila mwaka, kabla hujalipa umeme wala kununua chupa ya kemikali. Andika ukurasa mmoja unaoonyesha pesa hiyo itatoka wapi, naibu chansela na mkuu wa fedha wautie sahihi, kisha uambatanishe kwenye kila ombi la ufadhili. Wafadhili wengi hawajawahi kuona ukurasa kama huo, na utawafanya wakuamini.

Sehemu ya pesa hiyo inaweza kuingizwa na jengo lenyewe. Hoteli, wasindikaji wa samaki na wenye visima wanahitaji maji na vyakula vyao vipimwe. Lakini majibu ya maabara hayatakuwa na uzito sokoni bila ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kutoka KENAS, shirika la ithibati la Kenya, na ithibati inataka fundi mwenye ujuzi, kumbukumbu safi na urekebishaji wa vyombo kila mara. Usiandike mapato hayo katika miaka miwili ya kwanza.

Hatua ya tano: pesa

Serikali kuu kwanza, kwa kuwa elimu ya vyuo vikuu iko chini yake kikatiba. Kaunti itakupa idhini ya michoro, lakini si mlango wako mkuu wa pesa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Waraka wa Hazina ya Kitaifa kuhusu bajeti hutoka kufikia 30 Agosti, Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Kwa maana hiyo, anayetaka pesa Julai ya mwaka ujao awe na andiko la mradi mkononi Julai ya mwaka huu. Kanuni za usimamizi wa uwekezaji wa umma za 2022 zinataka mradi upite hatua: andiko la dhana, kisha upembuzi yakinifu (uchunguzi wa kama mradi unawezekana na una faida), kisha kuidhinishwa. Chuo kinachopeleka mchoro wa rangi bila upembuzi kinarudishwa nyuma ya foleni.

Na hata ukiingizwa kwenye bajeti, jua kwamba fedha za maendeleo ndizo hukatwa kwanza bajeti ya nyongeza inapokuja. Jikinge kwa kugawa jengo katika awamu ambazo kila moja inaweza kufanya kazi peke yake. Ghorofa mbili zilizokamilika, zenye maji, gesi na vyombo, zinafundisha. Mifupa ya ghorofa sita haifundishi mtu, na chumvi inaila nondo iliyoachwa wazi.

Mikopo na misaada ya nje huja kupitia Hazina, si kupitia barua ya chuo kwa ubalozi pekee. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Konza ilipata mkopo wa Benki ya Exim ya Korea kwa njia hiyo. Soma masharti. Mkopo unaokufunga kununua vyombo vya nchi moja unakufunga pia kwa vipuri vyake, kwa hiyo dai mkataba wa matengenezo wa miaka kadhaa na wakala aliye Kenya.

Ubia na sekta binafsi, chini ya sheria ya 2021, unafaa hosteli, kwani mpangaji analipa kodi. Maabara ya kemia haina kodi ya kutosha kumlipa mwekezaji. Chuo kikitoa ahadi ya kulipa kila mwaka kitakuwa kimejitwika deni kwa jina jingine.

Kisha kuna watu wetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kina mizizi katika taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya wakati ule. Mji huu umeshawahi kujijengea chuo cha ufundi. Ukienda kwa wafanyabiashara na wahitimu leo, usiende na ombi la jumla. Gawa jengo: maabara moja ina bei yake, chumba cha hadubini kina bei yake, tangi la maji lina bei yake. Jina la mfadhili liandikwe mlangoni kwa mkataba unaosema ni kwa miaka mingapi. Familia ya Chandaria imeacha jina lake kwenye kituo cha ubunifu cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wapo matajiri wa Pwani ambao hawajawahi kuulizwa.

Nina imani kubwa na wakfu, tena kwa matunzo hasa kuliko ujenzi. Mtu akitoa duka au nyumba ya kupangisha kuwa wakfu, mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake inaendelea kutumika kwa lengo alilotaja mwenyewe. Kodi ya maduka mawili mjini inaweza kulipa mafundi na vichujio mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo harambee haiwezi. Andikianeni kwa usahihi, mpite Kamisheni ya Wakfu iliyo hapa Mombasa, na mpate ushauri wa masheikh. Kwa heshima ile ile, msiombe zaka kwa ajili ya ukuta. Zaka ina makundi yake manane ya wanaostahili kuipokea. Ombeni sadaka jariya, yaani sadaka ya kudumu, na wakfu.

Hatua ya sita: vibali na zabuni

Vibali vinaweza kwenda sambamba: idhini ya Baraza la Chuo, michoro kwa Kaunti ya Mombasa, tathmini ya mazingira kwa NEMA, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina viwango vyake vya maabara, navyo visomwe kabla ya kuchora.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 haimruhusu afisa mhasibu, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa matumizi yake, kuanza zabuni bila pesa kutengwa kwenye bajeti. Bei ya mkataba haipandishwi ndani ya miezi 12 ya kwanza, na mabadiliko yote kwa jumla hayawezi kuiongeza kwa zaidi ya asilimia 25. Ndiyo maana michoro ikamilike kabla ya kutangaza. Mwalimu anayekumbuka mfereji wa gesi baada ya sakafu kumwagwa anakula kwenye hiyo asilimia.

Weka nafasi ya rufaa kwenye ratiba: mzabuni aliyeshindwa ana siku 14 za kwenda kwenye bodi ya mapitio ya ununuzi wa umma, nayo ina siku 21 za kuamua. Na katika vigezo vya kumchagua mkandarasi, uliza kama amewahi kufunga mabomba ya gesi na mifumo ya kutolea hewa. Aliyejenga maduka matano mazuri huenda hajawahi.

Hatua ya saba: kukabidhiwa

Teua fundi wa maabara mmoja awe kwenye eneo la ujenzi tangu mabomba yanapoanza kufungwa, akiwa na uwezo wa kuandika barua kwa mhandisi. Yeye ndiye atakayeishi na kazi hiyo.

Kabla ya kupokea funguo, washa kila kitu kwa wakati mmoja: makabati yote, viyoyozi vyote, pampu zote. Kata umeme uone kama jenereta inashika. Pima mvuto wa kila kabati kwa moshi. Fungua kila bomba hadi tangi lishuke. Chukua michoro ya jengo kama lilivyojengwa kweli, miongozo ya mitambo na orodha ya vipuri, na nakala moja ikae nje ya jengo lenyewe.

Kipindi cha kurekebisha kasoro huwa miezi 6 hadi 12, na ni vyema mkataba uwe na 12 ili jengo lipitiwe na masika, vuli, kusi na kaskazi. Mwezi mmoja kabla hakijaisha, mafundi na wakuu wa idara watembee chumba kwa chumba na daftari, waandike kila kinachovuja, kinachopata kutu na kisichofungika, wampe mkandarasi orodha, na sehemu ya malipo yake iliyozuiliwa kama dhamana isiachiliwe mpaka kila mstari umewekewa sahihi ya fundi aliyekagua.